Risala ya Wafanyakazi wa Nyumba ya Panya, Njoro, Kuhusu Mwenzetu Chepkemei

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu, karibu Njoro.

Kila asubuhi saa moja Mama Jerop huwapimia panya mahindi, kikombe kimoja kila kizimba. Jumatatu kikombe kilibaki hewani. Karani aliingia akasema unakuja kutia sahihi ili Chepkemei, mwenzetu, apasuliwe ubongo aache kuogopa.

TULIKOTOKA

Nyumba hii ya majaribio ilikuwa ghala la shayiri. Mwaka 1952 tulikuwa wanne tu, na Chepkemei ndiye aliyetufundisha kumshika panya bila kumtisha. Kengele ikilia, umeme hufuata sakafuni, na panya hujifunza kuvukia upande wa pili mapema. Basi mwenzetu Kemboi akawa anatuitia chai kwa kengele iyo hiyo! Miezi miwili panya waliruka kila siku saa nne, na hesabu zote zikaharibika. Chepkemei alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani sisi tukisikia chai haturuki?" alisema.

Tunakikumbuka sana kicheko kile.

TULICHOJIFUNZA

Panya aliyeumizwa mara nyingi hujikunyata pembeni, njaa inamuua na chakula anakiona. Hofu hiyo ina njia zake ubongoni, nazo hupitia vijisehemu viwili vidogo kuliko punje ya ngano. Vikikatwa, panya huenda kula hata kengele ikilia.

"Huyu sasa ni jasiri," Kemboi alisema juu ya jike mmoja aliyekatwa.

"Jasiri gani, bwana?" Mama Jerop akamjibu. "Anaungua miguu na hatoki. Watoto wake amewapita kama mawe."

Daftarini iliandikwa: amepona.

SHIDA YETU

Tangu lori lililowabeba yeye na dada yake lipinduke barabara ya Molo, mwaka juzi, dada akafa, Chepkemei hatoki chumbani. Akisikia injini huingia chini ya kitanda. Lakini tukipita dirishani bado hutuuliza, "Yule panya mwenye mimba amezaa wangapi?"

MAOMBI

Tunaomba sabuni na waya mpya wa vizimba. Kuhusu Chepkemei, kwanza tuliandika, "jambo hilo litazamwe tena." Mama Jerop aliposomewa alimwambia mwandishi wetu, "Wanjugu, umesoma chuo, lakini hapo umejificha. Andika tunachotaka."

Mungu aibariki mikono yako, Daktari, na akufikishe nyumbani salama.

Tunachotaka ni hiki: usimkate Chepkemei. Mwache aogope. Sisi tutakaa naye mlangoni, hata ikiwa miaka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Nyumba ya Panya, Njoro, 1957.