Dada wa Dirisha la Nne, Kama Anavyosimuliwa na Mdogo Wake

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Kamati ilimwomba aandike kwa heshima na kwa ufupi. Heshima ameiweka, ufupi atajitahidi. Ila aliwaambia mapema kwamba hawezi kusimulia maisha ya dada yake bila kutaja wivu, na kamati ikakohoa tu. Basi asilaumiwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa mwalimu wa hesabu na mama mshona nguo. Alizaliwa na kilo nne kamili, na mama yao alizitaja kilo hizo kwa kila mgeni mpaka siku anafariki. Mdogo wake alikuja miaka minne baadaye na kilo mbili na nusu, ambazo hakuna aliyewahi kuzitaja. Tangu hapo mambo hayakuwa sawa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1986 akahitimu chuo cha ukarani akiwa wa pili katika darasa la watu arobaini. Tangu sekondari mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, ndiye aliyeandika ratiba zote za shule. Mdogo wake alipoingia shule ile ile, mwalimu alifungua daftari lake, akavua miwani, akauliza, "Wewe na yule mmezaliwa tumbo moja kweli?" Darasa zima likaangua kicheko. Mdogo wake hajasahau, na mwalimu yule alikwishazikwa zamani.

Tarehe 2 Februari 1987 marehemu aliajiriwa kuwa karani wa masjala ya mahakama, upande wa mashauri ya ndoa na watoto, akapewa dirisha la nne. Hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Dirisha lenyewe lilikuwa kioo chenye tundu dogo, limewekwa chini mno, kiasi kwamba mtu alilazimika kuinama na kupaza sauti kueleza mambo ya chumbani kwake, huku foleni nzima imetega masikio. Marehemu hakuliweza hilo. Alikuwa akiinuka, anazunguka kwa mlango wa pembeni, anakaa na mtu kwenye benchi, anamsomea karatasi yake neno kwa neno. Dirisha la tatu na la tano walipiga miayo, lake foleni ilifika uani.

Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, yenye kichwa: KABLA HUJALIA, SOMA HII. Ilisema hati ya wito ijibiwe kabla siku zilizoandikwa hazijaisha, hata kama umekasirika. Uje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki na ripoti za shule. Kwenye kiapo chako eleza nani anamwogesha mtoto, nani anampeleka shule, akiugua nani anakesha naye. Mambo ya mama mkwe yaache nyumbani. Kama huna wakili, panda ghorofani chumba cha msaada wa kisheria, hawang'ati.

Kuna mzee mmoja alimletea albamu tatu za picha za harusi, eti ni ushahidi kwamba alimpenda mkewe. Marehemu alizifungua zote, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamwambia, "Baba, hizi si za hakimu. Mpelekee mama." Mzee akaenda nazo, na shauri lile halikufunguliwa tena. Wote wawili wapo hapa leo, wamekaa karibu na mlango, na wanalia kuliko ndugu wa damu.

Tarehe 12 Desemba 1992 marehemu alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu, ambaye kila siku ya kazi alimsubiri kwenye geti la mahakama na koti mkononi, jua liwe linawaka au mvua inanyesha. Mume wa mdogo wake alikuwa mpima ardhi, mtanashati, anapiga suti, na mdogo wake hadhani kama alijua hilo geti liko upande gani. Shemeji na dada walihangaika hospitali miaka kumi, hawakupata mtoto. Tarehe 3 Mei 2003 mdogo wake alijifungua binti. Ukweli usemwe mbele ya jeneza: alifurahi mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya mtoto, mara ya pili kwa sababu hatimaye alikuwa na kitu ambacho dada hana.

Furaha hiyo ya pili haikudumu. Mdogo wake ni mwoka mikate, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mtoto alilala kwa Mama Mkubwa siku nne za wiki. Huko ndiko alikotembea mara ya kwanza. Huko ndiko alikosukwa nywele. Akirudi kwa mama yake, anauliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Mnajua mtu anavyoumia akiulizwa hivyo akiwa amesimama kwake?

Agosti 2009 mpima ardhi alidai talaka na mtoto. Mdogo wake alipokea hati ya wito yenye siku kumi na nne, akakimbia nayo dirisha la nne. Marehemu akasoma majina, akairudisha kupitia lile tundu.

"Mdogo wangu, shauri hili siwezi kulishika. Nenda dirisha la tatu."

"Mimi? Wageni unatoka nje kukaa nao kwenye benchi, mimi ndugu yako unanirudishia karatasi usoni?"

"Nenda dirisha la tatu, tafadhali. Tutaongea nyumbani."

"Mimi na wewe hatuongei tena!"

Na kweli hakuongea, ingawa mtoto aliendelea kulala kwa Mama Mkubwa. Hata ile karatasi ya ukutani hakuisoma, maana aliutambua mwandiko. Alitoka akaenda kwa mpiga chapa anayekaa na mashine yake chini ya ngazi, akamsomea yote yaliyomjaa moyoni. Zikatoka kurasa tisa. Alijiona kamaliza kazi.

Siku ya shauri hakimu alizisoma zote, akazipanga vizuri mezani. "Mama," akasema, "nimeona tabia za mume, nimeona ulimi wa mama mkwe, nimeona hata mbwa wa mama mkwe. Mtoto yuko wapi humu?" Hapo wakili wa mume akasimama, akadai karatasi za mdaiwa zimepita mlango wa nyuma, kwa sababu dada yake ni karani wa masjala hiyo hiyo.

Hakimu akaagiza kitabu cha masjala. Ndani yake kulikuwa na barua ya marehemu, ya siku ile ile ya dirishani: mdaiwa ni ndugu yangu wa damu, naomba nisiguse jalada hili, wala nisiulizwe lilipo. Ndivyo kanuni yao inavyotaka. Kama angezunguka kwa mlango wa pembeni siku ile akaketi na mdogo wake kwenye benchi, karatasi za mdogo wake zingetupwa nje asubuhi hiyo, na mtoto angeondoka na baba yake. Hakimu akampa mdogo wake wiki tatu aandike upya.

Alipanda ghorofani chumba cha msaada wa kisheria. Msaidizi, msichana mwenye kikohozi, akamkaribisha kiti, kisha akamkabidhi nakala ya nini? KABLA HUJALIA, SOMA HII. Mdogo wake alicheka mpaka akalia. Safari hii akaandika kurasa mbili, na katikati akalazimika kuandika, huku amekaza meno, kwamba mtoto hulala kwa mama yake mkubwa siku nne za wiki. Sentensi hiyo ilimchukua siku nzima.

Afisa ustawi wa jamii, aliyetumwa na mahakama, alimuuliza mtoto angependa kukaa wapi. Mtoto, miaka sita, hakuhitaji kufikiri. "Kwa Mama Mkubwa." Afisa akamfuata marehemu, akamuuliza kama yuko tayari kumchukua. Jibu lake limeandikwa kwenye ripoti, mdogo wake amelisoma mara nyingi: "Nikimchukua, mama yake atakuwa anakuja kumtembelea mtoto wake kama mgeni. Mtoto ana mama." Tarehe 27 Novemba 2009 mahakama iliamua mtoto akae na mama yake, baba awe naye kila wikiendi ya pili. Mdogo wake hakusema asante. Alijiona kapishwa kiti na mtu aliyekuwa anakitaka, na hilo likamchoma kuliko kama angeshindwa.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alifanya kazi hadi Juni, kisha akalazwa, na ugonjwa ukawarudisha yeye na mdogo wake kwenye kuongea. Jumapili moja, mdogo wake akimkata kucha, marehemu alisema, "Siku ile afisa aliponiuliza, nilitaka kusema ndiyo. Nilijifungia choo cha wafanyakazi, nikauma kitambaa. Nimekuonea wivu tangu siku uliyojifungua, mdogo wangu. Mpaka leo." Mdogo wake aliendelea kukata kucha. Marehemu alifariki tarehe 18 Septemba 2023, saa tisa alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Sasa fungueni ukurasa wa tatu wa ratiba mliyoshika. Imechapwa: "Marehemu hakujaliwa mtoto. Ameacha mume, mdogo wake mmoja, na mtoto wa mdogo wake." Maneno hayo aliyaandika mdogo wake Jumanne, akijua anachofanya. Masjalani kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, lililoandikwa liendelee kusomeka, na aliyekosea anatia saini pembeni. Mwenye kalamu akate pamoja naye. Isomeke hivi: marehemu ameacha mume, mdogo wake mmoja, na binti mmoja, mwenye umri wa miaka ishirini.

Saini ya mdogo wake iko hapa. Wakati wa kuweka maua, binti atatangulia pamoja na baba yake mkubwa, mume wa marehemu, mahali pa mtoto wa marehemu. Mdogo wake atakuja nyuma yao, na leo mtamwita mama mdogo. Roho inamuuma, na iendelee kumuuma.

Apumzike kwa amani, mama wa binti huyu.