Bi Mwanamize na Chupa Yake ya Siki

Mola ndiye aliyetupa, na Yeye ndiye aliyechukua. Haya ni maisha ya mama mkwe wangu, Bi Mwanamize Shaame Kificho, yanayosomwa leo kwenye hitima ya kina mama hapa Mtambile.

Marehemu alizaliwa Kengeja tarehe 12 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Shaame na Bi Kazija. Skuli aliingia mwaka 1966, miaka miwili baada ya Mapinduzi, akasoma mpaka darasa la saba. Mwenyewe akisema alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kufagia.

Mwaka 1975 aliolewa na Mzee Mjaka Pandu wa hapa Mtambile. Msimu wa karafuu mume alikuwa juu ya mti, yeye chini akichambua na kumcheka anavyoumwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini.

Kazi iliyomjulisha ni ukungwi. Mabibi harusi aliowafunda nasikia wanacheka humu ndani, basi sisemi zaidi.

Mwaka 2016 alianza kuona damu, na hedhi ilikwishakatika zamani. Alinyamaza miezi minane kwa haya. Kungwi apate maradhi ya huko, watu watasemaje? Alipokubali kupimwa mlango wa kizazi, alisikia kipimo chenyewe ni cha siki. Akachukua chupa yake ya siki ya achari, akaifunga kwenye kanga, akenda nayo hospitali. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, "Bibi, siki tunayo. Hii tuletee siku ya maembe."

Ilikuwa saratani. Alitibiwa kwa mionzi Dar es Salaam, akarudi na jambo lililomtoa haya. Alielezwa kuwa kirusi kinachoileta, HPV, hupitia kitandani, na wanawake wengi walioolewa hukutana nacho. Wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa miaka, kikaharibu polepole, na kipimo hukiwahi.

Tokea hapo kila bibi harusi alifundwa na hilo. Kila mwezi akajaza gari ya kina mama wa kwenda kupimwa, sare ya kanga, vigelegele mpaka mlango wa hospitali, kama tunapeleka harusi.

Mimi niliipanda mwaka 2019. Siki ilipopakwa nilikutwa na madoa meupe, bado hayajawa saratani, nikaambiwa nirudi kutibiwa. Mume wangu Nassor akaniuliza kirusi hicho nimekitoa wapi. Mama akamwita uani, nami nipo.

"Nassor, mimi nimekipata, na mume nimjuaye ni babako tu. Naye simuulizi kitu. Mkeo usimtafutie kosa, mtafutie gari."

Nassor akenda kutafuta gari. Madoa yaligandishwa kwa baridi, yakaisha. Mwanapili, huyu anayenivuta buibui, alizaliwa mwaka 2021.

Ugonjwa ulimrudia Ramadhani iliyopita. Siku tatu kabla hajatutoka aliniuliza gari ya mwezi huu ina wangapi. Nikamwambia kumi na wanne. Akasema, "Basi kodisheni kubwa." Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, alfajiri.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na saba, na chupa ya siki iliyobaki nusu.

Gari inaondoka Jumanne saa mbili asubuhi, sare ni ile aliyoichagua yeye. Mola ampumzishe kwa wema, kama alivyotupumzisha sisi na hofu.