Kiti Chenye Masikio

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo nitasoma polepole kuliko siku zote. Msinichoke. Kuna sababu, na mtaijua kabla hatujaachana.

Tunamkumbuka mchoraji aliyetutoka wiki iliyopita. Magazeti yalimwita Mwotaji. Nyumbani kwao hakuna aliyemwita hivyo. Mama yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wake, na hakuacha kumwita hivyo hata kichwa kilipojaa mvi. Mengi ya haya tumesimuliwa na mkewe, fundi wa kushona mapazia. Alisimulia amechoka, sauti imemkauka kwa kupokea wageni.

Kitinda alichora vitu ambavyo macho hayajazoea. Koti linalonyesha mvua kutoka mfukoni. Ngazi inayoishia kwenye sahani ya mezani. Na kiti. Kiti cha mbao, cha kawaida kabisa, ila kina masikio mawili ya mtu. Picha hiyo ndiyo iliyompa jina. Hiyo hiyo ndiyo iliyomchosha.

Sikilizeni ilivyoanza. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa kwenye ukumbi wa maktaba. Alishinda akitundika picha peke yake, amesimama juu ya meza inayoyumba. Jioni akaja mwandishi wa gazeti, kalamu mkononi, jicho mlangoni.

"Kiti kina masikio. Maana yake nini?"

Miguu ya Kitinda ilikuwa inawaka moto kwa kusimama. Akatania ili aachwe akae. "Niliota tu, dada."

Mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mchumba, aliangua kicheko. Baadaye alizoea kusema, "Mume wangu hulala kama gogo. Hajawahi kunisimulia ndoto hata moja." Lakini mwandishi alishaondoka. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa cha habari: Achora Anachoota.

Ukweli ulikuwa huu, wasikilizaji. Kiti kilikuwa cha mama yake. Narudia: kiti kilikuwa cha mama yake. Mama huyo aliugua homa kali angali msichana, ikaondoka na masikio yake. Sebule yake ina sakafu ya mbao. Mtu akiingia, mbao zinatikisika, kiti kinatikisika, na mama anageuka kabla hujamfikia. "Kiti changu kinanisikilizia," huwaambia wageni, kwa sauti ya juu, maana hajui inafika wapi. Kitinda alikua akiyaona hayo. Hakuota. Aliona.

Na mama asiyesikia anasoma. Tena anasoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Alisoma habari ile ya mwanawe, akavua miwani.

"Kitinda, kumbe mimi ni ndoto?"

Kijana alishikwa na haya. Akamjibu kwa midomo, taratibu, kama walivyozoea: "Nitarekebisha, Mama. Utaisoma."

Alikwenda kwa mhariri. Mhariri alimpa kiti na chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ndugu yangu, ndoto inauza. Kiti cha mama kila mtu anacho." Kitinda alirudi kwa miguu, na nyumbani hakula.

Basi kila mwandishi aliyekuja baada ya hapo alikuwa ameshasoma ya mwenzake. Alifika na ndoto mfukoni. Watu wa televisheni walikaa naye mchana kutwa, akawaeleza habari za mama, za mbao, za kiti. Kilichoonyeshwa ni yeye amefumba macho, mawingu yanapita, na muziki wa kubembeleza mtoto. Alikuwa amefumba macho kwa sababu taa zao zilimchoma.

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Daktari akamkataza harufu ya rangi. Akahamia kwenye kompyuta, akajifunza kuchora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kibao cha kioo. Alijifunza kwa tabu, akitukana chini kwa chini, mkewe akimkaripia. Magazeti nayo yakaandika: Mashine Yamwotea Mwotaji. Mpigapicha akaja, akaitazama kompyuta, akauliza, "Mzee, brashi iko wapi? Bila brashi watu hawatajua wewe ni msanii." Ndani ya nyumba ilikuwepo moja tu, ya kupakia chokaa. Akaishika. Picha hiyo ndiyo mnayoiona kila mahali hadi leo.

"Aliacha kubishana," anasema mkewe. "Akija mwandishi, yeye anamuuliza tu: unataka ndoto gani, fupi au ndefu? Tulicheka. Lakini mgeni akitoka, alikuwa anakaa pale mlangoni muda mrefu."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kile kiti tena. Safari hii kwenye skrini. Ukisogea karibu, masikio yanageuka kukufuata. Mama alipelekwa kuiona. Alipiga mguu sakafuni, masikio yakamgeukia, akacheka hadi akashika ukuta. Gazeti likaiita ndoto ya kompyuta.

Hospitalini, Kitinda alimwomba mkewe jambo moja. "Usimwache Mama asome kwamba nimelala."

Alipofariki, gazeti likaandika: Mwotaji Alala. Mkewe alilificha chini ya vitambaa. Mama alilidai, na mama huyo hakatazwi kitu. Akalisoma lote. Akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

"Hata leo?" akauliza.

Ndipo mkwe wake huyo akaja hapa kituoni. Hakutaka kukaa. Alisema, "Sitaki sifa. Nataka mmoja wenu aseme ukweli tu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane huyu. Tunawapa pole watoto, ndugu, na wote waliofanya naye kazi. Na sisi tunaouliza maswali, na ninyi mnaosoma majibu, tufikiri kidogo. Mtu aliyechoka hutoa jibu la kwanza ili umwache akae. Tumsubiri atoe la pili.

Sasa ile sababu ya kusoma polepole. Maneno haya yote tumeyachapa kwa herufi kubwa, tukampelekea mama. Wakati huu mkwe ameketi sebuleni kando ya mama, redio iko wazi, na anamfuatishia kwa kidole, mstari kwa mstari. Ninajitahidi nisiwapite.

Mama, pole. Kidole kimefika hapa. Kiti ni chako. Kitinda hakukiota. Alikuona umekikalia.