Tunaomba Chemba ya Sokoni Isishukiwe Leo

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, majirani na ndugu zetu,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa kikosi cha majitaka tunakukaribisha kwa mikono miwili, nayo tumeinawa. Umekuja kuzindua chemba za majitaka zilizopanuliwa, ambamo sasa mtu mzima anaingia bila kujikunja. Tunashukuru.

TULIKOTOKA
Tangu zamani kazi yetu ni kushuka shimoni na kuzibua kwa mikono. Mwaka jana mwenzetu tunayemwita Twiga, kwa urefu wake, alishuka chemba ya sokoni. Akasema, "Vuteni," kisha kimya. Hewa ya mle ilikuwa imemlevya. Shemeji yake aliyeshika kamba alitaka kumfuata. Ilibidi watu watatu wamkalie, sisi wengine tukavuta. Twiga alizinduka hospitali, akauliza, "Limezibuka?" Tukamjibu ndiyo. Haikuwa kweli.

MAFANIKIO
Baada ya hapo mama mhandisi wa kikosi chetu alitujengea mtaa mmoja kwa namna nyingine. Badala ya chemba, aliweka mabomba membamba yanayotokeza juu, yenye vifuniko. Tunaingiza kamera na mpira wa maji ya presha, tunazibua tukiwa tumesimama barabarani. Mkaguzi alipokuja aliuliza, "Sasa mtu ataingiaje humu?"

Mhandisi akamwambia, "Haingii."

Mkaguzi akaandika kwamba hiyo ni kasoro. Mtaa ule haujafurika tena. Wakazi wake wanalalamika tu kwamba siku hizi hatuchafuki, kwa hiyo hatufanyi kazi.

CHANGAMOTO
Ratiba inasema risala hii ikiisha, mfanyakazi atashuka chemba ya sokoni mbele yako, kwa maonyesho. Aliyepangwa ni Twiga. Kifua chake bado kinapiga filimbi akipanda ngazi. Tulimsihi akatae, akasema, "Nimwaibishe mgeni wa watu bure? Si dakika mbili tu?"

MAOMBI
Tunaomba mitaa iliyobaki ijengewe mabomba kama yale. Hilo laweza kungoja bajeti. Lisiloweza kungoja ni wewe kutamka kwamba leo hakuna kushuka. Twiga hakubali kutusikiliza sisi. Ni yule wa mstari wa pili, aliyekwisha vaa buti, mkewe amemshika mkono. Hajui kwamba tumeandika sehemu hii.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, pumzi tele na neno jepesi kinywani.

Ni sisi,
Wafanyakazi wote wa Kikosi cha Majitaka, isipokuwa mmoja.