Viti Viwili vya Jumatano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza maktaba ya shule yetu, mkutubi wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wanafunzi tunamwita Bibi Kimya, ingawa chafya yake huangusha vitabu rafuni.

Alianza na kabati moja na ufunguo usiofunga. Leo tuna vitabu elfu nne, na vingi vilivyochanika amevishona kwa mkono wake. Ukirudisha kitabu chenye madoa ya chai, atakuuliza kama kitabu kilishiba.

Kila Jumatano, kengele ya kipindi cha dini ikilia, wanafunzi hugawanyika: wengine ukumbini, wengine madarasa ya chini. Sisi wa dini yenye watu wachache huambiwa twende maktaba. Zamani tulikuwa sita. Sasa nimebaki peke yangu. Bibi Kimya, ambaye ni wa dini yetu, huweka viti viwili dirishani. Mimi nashika kurasa, yeye anapaka gundi.

Kwa miaka kumi na tisa yeye na waumini wenzake wamekuwa wakiomba kibali cha kufungua shule yao. Walikataliwa mara tatu. Mwalimu wa hesabu humchokoza: "Mkijitenga, Bibi, mimi nitamtania nani?" Naye hujibu: "Nitanie haraka basi, siku zangu zinahesabika."

Siku moja nilimuuliza kama hapa tunaonewa. Hakuacha kupaka gundi.

"Hatuonewi, mjukuu wangu. Tunatolewa nje kwa adabu. Binti yangu alitolewa hivyo miaka saba katika shule aliyosoma, isiyo na maktaba, akawa anasimama varandani. Nataka mtoto wetu aisikie kengele hiyo na abaki amekaa."

Mwezi uliopita kibali kilitoka. Shule itaanza na darasa la kwanza tu. Aliniletea habari hizo akicheka, kisha akanitazama na kicheko kikaisha. Mimi nilizaliwa mapema mno.

Asante, Bibi, kwa vitabu, kwa gundi na kwa kuniwekea kiti bila kuniuliza maswali. Kiti chako sitakiondoa. Jumatano nitapaka gundi mwenyewe, na kurasa nitazikandamiza kwa kamusi.

Sote tunakuombea afya na mapumziko yenye furaha. Ukienda kwenye shule mpya, kengele ya dini ikilia, chungulia darasani kwa niaba yangu, uwahesabu waliobaki wamekaa.