Chupa za Maji Haziingii

Mbele yangu kwenye basi la chuo, mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha mitihani mapajani. Mlinzi wa maktaba aliyeketi naye akamtuliza: “Mama, hiyo sheria mpya ya kuruhusu bastola chuoni isikupe presha. Mwanafunzi mwenye bastola lazima anionyeshe kibali mlangoni.” “Na ukishakiona, kaka?” “Namwambia pita. Ninachomnyang'anya ni chupa ya maji, isije ikalowesha vitabu.” “Wewe umepewa nini?” “Rungu, mama. Na filimbi.” Filimbi ilikuwa mpya, nakiri. “Mimi nina kalamu nyekundu,” mwalimu akasema huku akipiga mwayo.

Basi likasimama langoni. Kabla hajainuka, akaitazama karatasi ya juu yenye alama 30, akaifunga ile tatu kwa kalamu, ikawa nane.