Kipande cha Mjinga

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, ndugu na jamaa wa mstaafu wetu mlioketi hapa mbele, na wewe mwenyewe, Shangazi, uliyekuja na sweta hata leo: habari za mchana!

Mnaolicheka hilo sweta hamjafanya kazi naye. Kwa miaka ishirini na tisa, fundi wetu wa maabara ameingia na kutoka kwenye chumba cha baridi, nje jua linawaka, yeye amejifunika mpaka shingoni, na wageni wakitunong'oneza, "Yule mama ana homa?" Hana homa. Ana protini za kulinda.

Kwa jamaa wasioijua kazi yetu, niseme kwa ufupi, maana njaa naiona machoni mwenu. Mfupa si jiwe. Uloweke kwenye asidi, madini yatayeyuka, na utabaki na kitu laini unachoweza kukipinda kama mkanda. Hicho kwa sehemu kubwa ni protini iitwayo kolajeni: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba, na ndiyo hiyo hiyo iliyoshika ngozi yako, kano zako na magoti yanayokulalamikia ukipanda ngazi. Adui yake ni joto linalozidi la mwili. Ikilipata, kamba inafumuka, na ikishafumuka, kuisokota upya kama zamani ni kazi bure.

Sasa, wahenga walisema mficha uchi hazai, nami leo nimeamua kuzaa.

Nilipokuja hapa kama mwanafunzi nilipewa vipande vya mifupa vya aina mbili: vya watu wazima wa afya, na vya wagonjwa ambao mifupa yao huvunjika kwa kuanguka tu kitandani. Kazi yangu ilikuwa kutoa kolajeni, kuiweka kwenye joto la mwili, na kutazama kama itaganda. Ya wenye afya iliganda vizuri, nyeupe. Ya wagonjwa? Maji matupu! Nikarudia mara tatu, maji. Jamani, nilijiona mkubwa. Nilimpigia mama yangu simu kumwambia nimegundua kitu, na mama, Mungu amrehemu, akawatangazia majirani wote.

Siku moja kabla ya kumpelekea profesa matokeo, Shangazi aliniita kwenye friji. Alikuwa ameweka humo kichupa changu kimojawapo cha "maji". Kilikuwa kimeganda, kinatikisika.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Ni kolajeni ya mgonjwa, Shangazi."

"Huu ni mchuzi uliolala. Kolajeni nzima huganda kwenye joto la mwili; iliyopikwa huganda kwenye baridi. Umepika supu. Niambie, ukienda kula mchana vichupa vyako unaviacha wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa naviacha juu ya joko la kukaushia vyombo. Chumba cha baridi kilinitetemesha, na hapo juu palikuwa karibu na mlango. Mifupa ya wenye afya niliimaliza asubuhi; ya wagonjwa ilinisubiri hapo juu ya joko mpaka nitoke kula. Ugunduzi wangu mkubwa, Mheshimiwa, ulikuwa chakula cha mchana!

Nikamwomba anyamaze. Nilimwambia mifupa imekwisha, sina cha kurudia, nitafukuzwa. Alinitazama, akasema, "Mimi naweza kunyamaza. Lakini daktari atakayekuamini atamtibu mgonjwa kwa supu yako. Hilo nalo utalinyamazisha?" Niliona haya mpaka nikalia. Ndipo akafungua freeza, droo ya chini kabisa, akatoa vipande vimefungwa vizuri, vina mwandiko wake: CHA MJINGA.

Kumbe huo ndio utaratibu wake. Kila mfupa unaoingia maabara, anakata kipande kidogo na kukificha, haelezi mtu, kinamsubiri atakayeharibu. "Kosa moja haliachi mke," akaniambia. "Kesho nenda kamwambie mwalimu wako ukweli, kisha uje na sweta."

Nikaenda. Profesa alinigombeza nusu saa nzima, halafu akaniacha nianze upya. Kolajeni ya wagonjwa iliganda kama nyingine, ila ilichelewa, na nyuzi zake zilikuwa nyembamba. Matokeo madogo, lakini ya kweli, na ndiyo yaliyotoka kwenye jarida na kunifikisha kwenye kiti hiki cha ukuu wa maabara. Je, mnajua mchango wa Shangazi niliuandikaje kwenye makala ile? Mstari wa mwisho: "Tunawashukuru wafanyakazi wa maabara." Basi. Hata jina lake kamili sikulijua. Nililiona kwenye fomu yake ya kustaafu, mwaka huu, na siku hiyo sikufanya kazi nyingine.

Shangazi, uliwahi kunilaumu? Hata kwa utani? Hukuwahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliwaandikia wenye jarida. Niliwaeleza joko, supu na kipande kile, bila kuficha kitu. Walichukua miezi mitano kujibu. Jibu lilifika juzi: wamechapisha masahihisho, na waandishi wa makala ile, tuliokuwa wawili, mimi na profesa, sasa ni watatu. Nakala ninayo hapa mkononi.

Jina la tatu sitalisoma mimi, sistahili kuwa wa kwanza. Mzee wetu, fundi seremala, mume wa Shangazi, wewe uliyeliita jina hilo kabla yetu sote, njoo mbele baba, vaa miwani, ulisome kwa sauti. Na wewe Shangazi, usijifunike uso na sweta. Kipande changu cha mjinga kilikuwa kimebaki kimoja, na leo nimekitumia vizuri.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Simameni, tumsikilize mzee.